Kamba ya Mashati ya Bibi Kola

Mtaani walimwita Bibi Kola, maana kola aliyoishona yeye ilikaa shingoni kama imezaliwa hapo. Miaka thelathini alikanyaga cherehani ileile, na kila shati lililokwisha alilitundika kambani kwa zamu: la kwanza la siku mlangoni, la mwisho dirishani.

Maradhi yake yalikuwa ya miguu. Akijilaza tu, ilimtekenya kwa ndani kama ina sisimizi, mpaka ainuke atembee. Daktari alimpa kidonge kimoja cha jioni, akalala raha mwaka mzima. Sisimizi waliporudi, akaongezewa cha pili. Sasa walimwanzia alasiri, yuko kwenye cherehani, na mikononi nako wakaingia.

“Kesho nakwenda kuomba cha tatu,” alimwambia mkamwana wake. “Kikishindwa, nafunga cherehani, nikae nihesabu meno ya mjukuu.”

“Anayo mawili tu, mama. Utamaliza mapema.”

Mkamwana ndiye aliyekuwa akifumua mishono iliyopinda, mtoto mgongoni. Akaitazama kamba.

“Mama, usiombe cha tatu kwanza. Wakati wa kidonge kimoja, ulinyoosha mishono mpaka shati la dirishani. Ulipopewa cha pili, nikawa nafumua kuanzia shati la nane. Siku hizi naanzia la tano.”

“Yaani dawa ndiyo inayonila?”

“Mimi nasema ninachofumua tu.”

Walikwenda wote watatu. Daktari alisikiliza habari ya kamba, akaweka kalamu chini.

“Dawa hii ikitumika muda mrefu, mara nyingine huyazidisha maradhi yenyewe. Huanza mapema, hupanda mpaka mikononi. Tungeongeza, tungemwagia moto mafuta. Lakini usiiache ghafla, mama. Tutaipunguza pamoja.”

Akampima damu, akakuta madini ya chuma yamepungua, akayatibu. Ile dawa akaipunguza polepole, akaanzisha nyingine. Wiki zile zilikuwa ngumu. Bibi Kola alitembea chumbani mpaka sakafu ikamjua. Mkamwana alitembea naye, huku akimbembeleza mtoto.

Sisimizi hawakuhama wote, ila walirudi kuwa wa kitandani, tena wachache. Siku shati la dirishani liliponyooka, Bibi Kola alichukua kitambaa kizuri alichojiwekea mwenyewe, akamshonea mkamwana blauzi ya kunyonyeshea, yenye kola.

“Kola ya nini, mama? Mtoto ataivuta.”

“Na aivute, mwanangu. Haing'oki.”