Mama Mkwe Alinifundisha Kupika Mlenda Akiwa Nyuma ya Ukuta

Admin, nifichie jina, maana vibarua wenzangu wanausoma ukurasa huu wakati wa mapumziko. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nane, kwetu ni Kigoma vijijini, shule niliishia darasa la tano. Nabeba zege hapa Mikumi kwenye majengo ya watu. Mke wangu ni mzaliwa wa Munisagara, huko Kilosa. Mtoto wetu wa kwanza alifariki akiwa hajafikisha mwezi, tukamzika hapa hapa Mikumi. Naandika haya bila kulia. Sijalia tangu siku ile, na sijui kama ni vizuri au ni vibaya.

Baada ya msiba mke wangu aliacha kula. Hakugoma. Ukimwekea sahani anaitazama mpaka inapoa, kisha anakwambia asante. Nikitoka kazini nilikuwa napika ninachokijua, ugali wa muhogo na maharage ya mawese niliyotumiwa kutoka nyumbani. Wapi. Nikanunua kuku, wapi. Siku moja akasema, "Nataka mlenda wa mama." Mama mmoja jirani akaupika, mke wangu akaonja, akarudisha kijiko. "Huu siyo."

Mtauliza kwa nini mama yake asije. Tunaishi chumba kimoja cha kupanga, na kwa hawa wakwe zangu mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja, hawatazamani, wala hawasemezani. Mke wangu naye hakutaka kwenda kwao. Alisema hawezi kumwacha mtoto peke yake huku. Basi nikaenda mimi, Jumapili ambayo hakuna kazi.

Mama mkwe alikaa ndani ya jiko lake, mimi nikawekewa mafiga na chungu nje, katikati yetu ukuta wa udongo. Kwa kuwa haruhusiwi kusema na mimi, alisema na kuku wake. "Wewe kuku, mwambie mwenzio maji yachemke kwanza ndipo atie magadi. Kidogo! Asimwage kama saruji." Mimi natia. Baadaye kidogo, "Kuku, huyo mwenzio kafunika chungu, nasikia. Mlenda haufunikwi, utapanda umwagike wote." Kweli ulikuwa unapanda. Halafu nikakosea kosa la mtu wa kwetu, nikachovya kijiko cha mawese ili uwe na ladha. Kisha nikasikia, "Harufu gani hiyo? Kuku, mwambie hayo mafuta yake akakaangie huko huko ziwani." Nilijua ananitania. Zamani ningecheka.

Nilirudi Jumapili kadhaa. Nikajua kupekecha, kijiti cha upekecho kikizungushwa katikati ya viganja, mpaka mlenda uvutike bila kukatika. Nikajua karanga zitwangwe laini na ziingie mwishoni. Kazini wakapata habari. Nikipita na ndoo ya zege utasikia, "Oya, fundi upekecho! Mlenda umekubali?" Niliwaacha. Hata hasira sikuiona.

Siku niliyoupatia, mke wangu alikula akamaliza. Akauliza, "Mama amekuja?" Nikamwambia nimepika mimi. Akaniangalia muda mrefu, kama mtu anayetafuta jina lako. Tangu hapo anakula, ila mlenda huo tu, na niwe nimepika mimi.

Jumapili iliyopita nilikwenda kujifunza majani ya kunde ya karanga. Tulifika nusu, mvua ikaanza, nikawa nafunga vitu vyangu niwahi gari la Mikumi. Nikasikia sauti ya mama mkwe, na safari hii hakumtaja kuku. "Baba, na wewe unakula?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Watu wote, hata mama yangu kwenye simu, wanauliza, "Mwenzio anaendeleaje?" Nikajibu, "Nakula, mama." Ulikuwa uongo. Naingiza chakula tumboni ili nibebe ndoo.

Mjomba wa mke wangu alikuwa amesimama uani, akasikia yote. Kwao mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Hakunigombeza. Alisema, "Mkwe, umekosea kumjibu, na dada yangu amekosea kukusemesha. Mpaka wazee tukae tulisawazishe, usikanyage hapa. Na binti yetu nakuja kumchukua Jumapili, alishwe na mama yake. Mwanaume kupika ni msaada wa siku mbili tu."

Nimemweleza mke wangu. Kasema, "Mtakavyoamua." Nikamuuliza, "Na mtoto?" Akageukia ukutani, na jioni hiyo hakula.

Nimewaza mpaka kichwa kimekuwa kama jiwe. Akienda, mama yake anajua kila kitu anachokipenda, huenda akapona. Lakini atakuwa ametolewa kwenye kaburi la mwanawe kwa kauli ya watu wengine, na mimi nikiwa nimekubali. Pia naogopa wasimrudishe. Akibaki, mimi najua mboga moja na nusu, na mlango wa kujifunzia umefungwa. Mtu hawezi kuishi miaka kwa mboga moja na nusu. Kumkatalia mjomba nako ni kuvunja undugu, na mimi hapa sina ndugu wa kunisimamia.

Wengi mtaandika pole na vumilia. Asanteni, hizo ninazo. Mimi nauliza neno moja tu, hasa kwa mliooa mbali na kwenu na kwa akina mama mliowahi kuzika mtoto: Jumapili mjomba akipiga hodi, nimfungie mke wangu begi, au nisimame mlangoni?