Nadhiri za Kizingitini na Kilele Ambacho Hatukukifikia

Swali lililoninyima usingizi wiki nzima baada ya kushuka Mlima Kenya lilikuwa fupi: niwaambie watu wa Kizingitini kwamba hatukufika kileleni, au ninyamaze ili boti ya wagonjwa ipatikane? Mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi. Hata chuoni nilikuwa nikimaliza mtihani mapema, kisha narudi kufuta majibu sahihi.

Ninawaandikia ninyi mtakaoshika kazi ya afisa wa michango baada yangu. Nimeifanya miaka miwili tu, na mkataba wangu umekwisha, lakini kuna mambo ambayo mtu hafundishwi darasani.

Siku yangu ya kwanza nilifika Pate, kisiwa chenye kijiji cha Kizingitini, nikiwa nimetapika njia nzima baharini. Mratibu wa chama chetu, Bwana Shee, mtu wa Amu, yaani Lamu, aliyekuwa akinunua samaki kabla ya kushika kazi hii, alinipokea gatini akanitazama viatu.

"Watoka wapi, Bwana Murithi?"

"Chogoria, chini ya Mlima Kenya."

"Alhamdulillahi! Basi tumepata mtu wa kutupandisha yuu."

Nilimwambia sijawahi kuupanda mlima ule. Nyumbani tuliutazama tu asubuhi mawingu yakiwa hayajaufunika. Akacheka. "Na mimi nimezaliwa kando ya bahari, utaniambia sijui kuogelea?" Tangu siku hiyo kijiji kizima kiliniita Bwana Mlima.

Shida yetu ilikuwa hii. Mama akishikwa na uchungu mgumu Kizingitini, hupelekwa hospitali ya Amu kwa bahari, na mkondo wa Mkanda hauna kina. Maji yakipwa, boti hukaa juu ya matope mpaka yajae tena. Tulitaka boti yenye tumbo bapa, inayopita penye maji haba. Mratibu alikuwa amesikia kwamba watu hupanda milima kuchangisha fedha, akaona na sisi tutaweza.

Nilitayarisha fomu za ahadi kama nilivyosomea. Hakuna aliyezijaza. Watu wa pale walitoa kwa njia yao: waliweka nadhiri. Mtu husimama mbele ya wenzake na kusema, "Mwenyezi Mungu akimfikisha Athumani kileleni, nitatoa kadha wa kadha kwa boti." Wazamiaji wanaovua kamba wa mawe, wale kamba wakubwa wa miambani, waliweka nadhiri ya mavuno yao. Akina mama wa kijiji cha Kipungani, waliokuja kwa harusi, waliweka nadhiri ya mikeka. Nilielezwa kwamba nadhiri ya namna hii humfunga mtu pale tu sharti linapotimia. Likitimia, ni deni kwa Mungu. Lisipotimia, hadaiwi kitu.

Athumani ndiye aliyechaguliwa na kijiji kuupanda Mlima Kenya pamoja nami. Alikuwa mzamiaji, kifua kipana, maneno machache. Mkewe alijifungua ndani ya boti iliyokwama Mkanda, na mtoto hakuishi hadi maji yajae. Mkewe alipona. Athumani hakuwahi kulisimulia jambo lile mbele yangu. Nililisikia kwa wengine.

Mlimani alikwenda vizuri kuliko mimi. Mimi nilihema, yeye alinitania: "Bwana Mlima, huu si wenu? Mbona wakukataa?" Sikujua kwamba alikuwa akiumwa kichwa tangu kambi ya pili. Wazamiaji wamezoea kuibana pumzi na kutoonyesha kwamba imewaishia, kwa maana anayeonyesha huachwa ufukweni siku inayofuata. Alidhani kwenye mwinuko ni vilevile: ukitulia, mwili utatii. Kiongozi wa mlima alipomwona anayumba kama mlevi na kuchanganya majina yetu, alisema ni ugonjwa wa mwinuko, wa hewa haba ya juu mlimani, na dawa yake ni kushuka, tena sasa hivi.

"Nitatambaa," Athumani alisema. "Niacheni. Kile pale, nakiona."

Mimi ndimi niliyekuwa msimamizi wa safari. Sikuwaza sana, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilimshika mkono mmoja, kiongozi akashika mwingine, tukashuka naye. Kabla ya hapo, kwenye kambi ya mwisho, tulikuwa tumepigwa picha na bendera ya chama, mawe na theluji nyuma yetu.

Picha hiyo ndiyo iliyoleta mtihani. Mratibu aliichapisha kubwa.

"Theluji ipo, bendera ipo," aliniambia. "Nani hapa ajua kilele ni jiwe gani?"

"Lakini hatukufika, Bwana Shee."

"Mimi sikwambii useme mmefika. Nyamaza tu. Watu wataona wenyewe."

Nilimwendea Athumani nikidhani atakuwa upande wangu. Alikuwa akishona wavu, hakuinua macho.

"Mwanangu hakufa kwa kukosa kilele," alisema. "Alikufa kwa kukosa maji. Nyamaza, Murithi."

Hakuniita Bwana Mlima. Nilirudi chumbani nikapima kila upande. Ningenyamaza, mama fulani angefika Amu akiwa hai. Ningesema, huenda asifike. Lakini watu wale hawakuniahidi mimi. Waliweka maneno yao kwa Mungu, na mimi ningekuwa nimeyatimiza kwa uongo bila wao kujua. Nilikuwa nimekabidhiwa mchango wao. Nadhiri zao sikukabidhiwa.

Baada ya sala ya Ijumaa watu walikusanyika karibu na soko la samaki. Picha iliegemezwa mezani. Mratibu akanipa kipaza sauti, akaninong'oneza, "Salamu tu, kisha keti."

Niliwasalimu. Kisha nikasema, "Hapa pichani ni kambi ya mwisho. Hatukufika kileleni. Athumani aliugua na mimi ndimi niliyemrudisha. Sharti la nadhiri zenu halikutimia, na hakuna anayedaiwa."

Kisha mama mmoja aliyekuwa amembeba mtoto akauliza kutoka nyuma, "Na boti, je?"

"Sijui, mama. Atakayependa kutoa, atatoa kwa hiari yake. Tutaanza upya."

Baadhi waliinuka wakaenda zao. Mratibu alichukua kipaza sauti mkononi mwangu bila kunitazama. Nilitoka pale mezani, nikapita katikati ya watu mpaka alipokaa Athumani, nikaketi kando yake. Hakunisogezea nafasi, wala hakuinuka.