Siku Niliyotoka kwa Buti Mbele ya Wakwe wa Anko

Kuna kijiji kizima kule Embu ambacho hakijui jina langu, wala shule yangu, wala kwamba mimi ndiye naongoza darasa kwa utani (kwa masomo tusiulizane), lakini sura yangu kinaijua vizuri sana, kwa sababu siku moja kilijipanga kwa mstari, wazee mbele na akina mama nyuma, kikaniangalia nikitoka kwa buti ya gari na mavi ya kondoo kwenye kola. Na aibu hiyo sikuletewa na mtu. Niliitengeneza mwenyewe kwa mdomo huu huu, kwa neno moja tu: "Inaingia."

Wacha niwaeleze. Anko Mutuma, ndugu mdogo wa mama yangu, ana gari. Nikisema gari msifikirie gari la watu wenye akili. Ni kile kigari kifupi cha mbio cha Mjapani, mgongo umekatwa kama mkate, kioo cha nyuma na buti vinafunguka pamoja, milango ya watu miwili pekee, rangi ya manjano, na tinti nyeusi huko nyuma hata ukikaa ndani hujui kama kumekucha. Amelishusha chini hivi kwamba akikanyaga ganda la ndizi anasikia kwa makalio. Analiita Nyuki, kwa sababu ya ile sauti, na ukimuuliza kwa nini kijana wa umri wake hajaoa atakwambia alikuwa anamalizia kutengeneza ekzosi.

Kila Jumapili baada ya kanisa, yeye na wenzake wenye vigari kama hivyo hukutana pale pa kuoshea magari nyuma ya soko la Gakoromone hapa Meru, na msidhani huwa wanaosha. Huwa wanabishana. Kuna Gitonga, mtu wa ofisi, anayekunja mikono ya shati hata Jumapili, na gari lake ni Mjerumani. Kuna Hassan, anayeuza spea mjini, watu wao ni wa Maua, na yeye hubishana pande zote mbili kwa sababu wote ni wateja wake. Mimi huenda kwa sababu hapo ndipo mtu anaweza kuwatusi watu wazima na wakacheka.

"Mjerumani ukimkanyaga, roho inabaki Nkubu na wewe umefika Chuka," Gitonga alisema Jumapili hiyo.

"Na ile gia yake ikifa, wewe na roho mnabaki Nkubu pamoja," Anko akamjibu. "Mnasukuma."

"Angalau gia zangu zinajiweka. Wewe unakoroga tu, ni kama unasonga ugali."

"Mimi naendesha. Wewe unaendeshwa."

Hassan alikuwa anakunywa chai, akaiweka chini. "Nyinyi wote shida yenu ni moja. Hivi vigari haviwezi kubeba kitu. Mutuma, hebu rudia, yule mzee wa Embu alikwambia nini?"

Anko akaanza kupangusa kioo ambacho kilikuwa safi. Sote tulijua alichoambiwa. Alikuwa anamtaka Auntie Wanja, mwalimu mmoja mpole ambaye hadi leo sielewi alimpendea nini, na siku ya kwanza alipoenda kujulishwa, babake Wanja, Mzee Njeru, mkulima wa kahawa mwenye pikapu nzee kuliko mimi, alizunguka Nyuki mara moja, akainama, akachungulia, akasema, "Mwanamume gani ananunua gari haliwezi kubeba gunia la viazi?" Na sasa Jumamosi iliyokuwa inakuja ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka ndurume, yule kondoo dume wa kufungulia mazungumzo ya mahari, na kila mtu alijua mzee akikunja uso siku hiyo, Auntie Wanja atabaki kwao.

"Chukua pikapu yangu," Hassan akasema. "Bure. Weka ndurume nyuma, nenda, rudi na bibi."

Hapo ndipo shetani aliponigusa. Nikaona Anko anataka kukubali huku uso umemwanguka, na mimi gari lile nalipenda (usimwambie), nikasema, "Pikapu ya nini? Ndurume anaingia kwa Nyuki. Inaingia kabisa. Kiti cha nyuma nusu kinalala, kondoo analala, mzee anajionea na macho yake, na hatawahi kutaja viazi tena."

Gitonga alicheka mpaka akashikilia boneti. "Akiingia nitaliosha hilo gari mimi mwenyewe."

Kumwambia Anko hivyo ni kama kuonyesha ng'ombe chumvi. "Mmemsikia mtoto," akasema. "Inaingia."

Ndurume tulimtoa Ruiri, na nafikiri huko Ruiri walikuwa wanataka aondoke. Alikuwa na kichwa kama jiko la makaa. Wazee wetu walitangulia kwa gari la kukodi wakiongozwa na Mzee M'Ikiara, ambaye ndiye alikuwa msemaji, na kwa sababu wazee husinzia njiani, walikataa kubeba mtungi wa asali ya kupelekea wakwe, wakatuachia sisi. Kwa hivyo asali ilikaa kiti cha mbele ikafungwa mkanda, kiti cha nyuma nusu tukakilaza, ndurume akapakiwa kupitia buti miguu ikiwa imefungwa kamba, na mimi, mwenye wazo, nikapewa ile nusu iliyobaki, karibu naye, nimevaa shati jeupe la mama alilonunua kwa ajili ya siku hiyo.

Na aliingia jamani. Hilo mniandikie. Mpaka Kanyakine tulikuwa sawa kabisa, Anko anapiga mluzi, mimi namtafutia Gitonga maneno. Kisha ndurume akaniangalia. Sijui kama mmewahi kuangaliwa na kondoo kwa karibu, lakini ana namna ya kukufanya ujione mkosaji, nikamwonea huruma, nikamlegeza kamba kidogo tu ya miguu ya mbele (hilo ni kosa la pili, mkiwa mnahesabu). Akashukuru kwa kusimama. Akapanda juu ya kile kiti nilichokalia mimi, akaanza kutafuna mkono wa shati.

"Anko, anakuja."

"Msukume."

Ungemsukumia wapi? Nikaamua kuzunguka nimvute kutoka nyuma, nikatambaa juu ya ile nusu iliyolala nikaingia kwa buti, na yeye kuona nafasi imepatikana akajikunja vizuri kwenye kiti changu, na wakati huo huo Anko akakata kona moja ya kwenda chini huko Chuka kama mtu ambaye hajabeba ndurume wa wakwe, mimi nikashika ile nusu ya kiti isiniangukie, nikaivuta kwangu, ikasimama, ikasema *tak*. Imejifunga, na kitufe cha kuifungua kiko upande wa ndurume. Sasa ndurume amekaa kiti cha nyuma kama diwani, na mimi niko kwa buti.

Anko alisimamisha gari kando. Nikasikia anafikiria. Akinifungulia buti nitoke, nitakaa wapi? Mbele kuna mtungi wa asali, haupakatiki, na kwa buti utamwagika. Nyuma kuna ndurume, na kufika kwake ni mpaka ukunje kiti cha mbele, na ukikunja kiti cha mbele ndurume anatoka ndiye wa kwanza na anarudi Ruiri kwa miguu. Hii ndiyo faida ya milango miwili ambayo Anko huisifu kila Jumapili, eti inafanya gari kuwa gumu kwenye kona.

"Koome," akasema, "vumilia. Nitakutoa tukikaribia, kabla ya lango, hakuna mtu atakuona."

Lilikuwa wazo zuri, lakini akina mama wa Embu hawakuambiwa. Walikuja kutupokea kule njia panda, wakazunguka gari wakiimba, wakatusindikiza polepole kabisa mpaka langoni, wengine wakipiga paa la buti kwa furaha, juu ya kichwa changu. Hatukupata hata nafasi ya kupumua. "Usikohoe," Anko alininong'oneza, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho, kwa sababu siku kama hiyo bwana harusi huwa hasemi. Anasimama kama picha. Msemaji wake ndiye mdomo wake.

Na mdomo wake, Mzee M'Ikiara, ulikuwa umepumzika safari nzima.

Nilisikia kila kitu kupitia mlango. Mzee Njeru akauliza, "Ndurume yuko wapi? Sioni pikapu."

"Hatuhitaji pikapu," akasema M'Ikiara, akasogea karibu na buti. Anko akakohoa. M'Ikiara akafikiri ni haya za kijana. "Yuko hapa nyuma, ametulia, hata sauti hajatoa. Amelelewa vizuri." Anko akakohoa kama mwenye pumu. "Hana doa. Anakula kila kitu bila kuchagua. Kichwa ni kigumu kidogo, lakini ukimshika sikio anafuata."

Akafungua buti.

Mwanga ukaingia. Nikawaona wote, na wote wakaniona, nimejikunja, majani kwa nywele, mavi kwenye kola, mkono mmoja wa shati umeliwa. Nikafikiria la kusema. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili, bingwa wa maneno, nikasema, "Hamjambo."

Mzee M'Ikiara bado alikuwa amenyoosha mkono kunionyesha. Mzee Njeru akaniangalia kuanzia viatu mpaka nywele, halafu ndurume akalia kutoka ndani, akabandika pua yake kwenye kioo cha pembeni, na mzee akamwangalia na yeye pia. Kisha akauliza, bila kucheka hata kidogo, "Sasa tunachinja yupi?"

Akina mama walianguka kwa kicheko. Auntie Wanja alijifunika leso uso mzima, na sikujua kama analia. Anko alikuwa na rangi ya Nyuki. Nikajua nimeharibu ndoa ya watu.

Asali ikatolewa. Anko akakunja kiti cha mbele, ndurume akakataa kushuka, vijana wakamvuta, akakaza. Mzee Njeru akachoka kutazama. Akawasukuma kando, akaingia upande wa dereva, akakaa, akageuka, akamshika sikio tu, na ndurume akatoka kwa adabu kama alivyoahidi M'Ikiara.

Lakini mzee hakutoka. Alibaki kwenye kile kiti cha mbio kinachokubana mbavuni. Akaegemea. Akasogea kidogo, akaegemea tena. "Wanja," akaita, "hiki kiti kinashika mgongo." Halafu akanyoosha mkono dirishani bila kumwangalia Anko. "Leta ufunguo."

Wakaondoka wawili, Anko upande wa asali. Tulisikia Nyuki akiimba akipanda mlima, akishuka, akizunguka mashamba. Kisha tukasikia *krrrak*, na kimya. Wazee wakaacha kunywa uji. Baada ya muda gari likarudi polepole kabisa, uso wake umetoka meno, na Anko amekumbatia bampa ya mbele, nusu imetokeza dirishani.

Mzee Njeru akashuka. "Pale kwa mtaro kuna mwinuko," akasema. "Nimeupita na pikapu maisha yangu yote na sijawahi kuujua."

Mzee M'Ikiara akajikohoza. "Mzee mwenzangu, sisi tumekuletea mtoto kwa buti. Wewe umeturudishia gari bila bampa. Naona tunaweza kuketi chini."

Mzee Njeru akaangalia bampa, akaangalia binti yake, ambaye sasa leso ilikuwa imeshuka na nikaona ni kicheko kilichokuwa kinamtoa machozi. "Tuketi," akasema. "Huyo mtoto aoge kwanza."

Gitonga aliosha gari kama alivyoahidi, ila alikataa ndani, akasema hakuahidi mavi, kwa hivyo ndani niliosha mimi, kwa mswaki, na hadi leo kukinyesha Nyuki hunuka Ruiri. Mzee Njeru naye akija Meru, kabla hajasalimia mtu, anazunguka nyuma ya gari, anafungua buti, anachungulia kama nimo. Ndipo anauliza habari za nyumbani.

Jumapili iliyopita walibishana tena pale pa kuoshea magari, Mjerumani na Mjapani, na Anko sasa anashinda kila mara kwa kusema amebeba ndurume. Hassan akaweka chai chini. Akanikumbusha kwamba mwezi ujao anapelekwa mtamba wa mahari, akanionyesha Nyuki kwa kidole, akaniuliza, "Koome, na ng'ombe je?"

Wote wakanigeukia, Anko akiwa wa kwanza, na macho yake, naapa, yalikuwa na matumaini.

Nikachukua ndoo nikaenda kuteka maji.