Mikono Isiyokanda

Mtu yeyote anayesema anajua kuponya, mimi kwanza namwangalia mashavu.

Mazoea hayo yalianza mwaka mama alipougua, nyumbani kwetu Butembo. Baba alikuwa amekwisha kufa. Wajomba walimleta mwanamume ambaye, walisema, huvuta ugonjwa kwa mdomo. Aliinama juu ya mbavu za mama, akanyonya, akatema kwenye sahani jino la mnyama lenye damu. Watu wakamshukuru Mungu. Lakini mimi nilikuwa nimekaa chini karibu na mlango, na kabla hajainama niliona shavu lake la kushoto limetuna kama la mtu anayekula pipi. Sikusema. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na wakubwa walikuwa wanafurahi. Mama hakurudishwa tena hospitali, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeshatoka. Alikufa kabla mahindi hayajakomaa. Niliacha shule, nikaanza kubeba viazi kutoka Masereka, nikalea wadogo zangu watatu.

Kwa hiyo, mdogo wetu wa mwisho alipoanguka na pikipiki na kuvunjika mkono wa kuume karibu na bega, nilimpeleka hospitali siku ileile. Mfupa uliunga, daktari alituonyesha kwenye picha. Mkono ndio uliokataa. Aliushikilia tumboni kama mtoto mchanga, na mazoezi aliyopewa aliyafanya mara moja, akalia, akaacha. Alikuwa anajifunza kushona. Mwalimu wake alisema atamwekea nafasi kwenye mashine mpaka Pasaka. Baada ya hapo ingepewa msichana mwingine.

Muuguzi mmoja akatuambia habari za mama mmoja wa mjini Beni, mtaa wa Mulekera, aliyejifunza kushika mwili polepole ili maumivu yalegee na mgonjwa aweze kufanya mazoezi yake. Polepole! Neno hilo ndilo lililoniudhi. Kwetu kukanda ni kazi ya nguvu: maji ya moto, mawese, na vidole vinavyozama. Mgonjwa asipopiga kelele, wanaomsubiri nje wanasema hajakandwa.

Tulikwenda. Nyumba ya mbao, kitanda chembamba, shuka safi. Sikuona sanamu wala chupa. Hilo nalo sikulipenda. Mwenye kuficha vizuri huwa na nyumba safi.

“Mama,” nikasema, “kabla ya kumugusa mudogo wangu, fungula kinywa.”

Mdogo wangu, ambaye huniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, akajifunika uso. “Yaya, haya!”

Yule mama akanitazama. “Mimi niko mbuzi ya soko? Unataka kujua miaka yangu?”

“Nataka kuona tu.”

Akafungua kinywa, akainua na ulimi. “Hesabu meno. Moja ya nyuma haiko, iling’oka zamani. Usiseme mimi njo nimeificha.”

Hapakuwa na kitu. Akanawa, akakunja mikono ya blauzi mpaka juu, akaweka kiganja kimoja chini ya bega la mdogo wangu na kingine chini ya kiwiko. Kisha hakufanya lolote. Nilingoja avute, au aombe kwa lugha nisiyoijua. Alikuwa ameshika tu, akipumua. Baada ya muda mdogo wangu akalala usingizi. Nikadhani amepewa dawa kwa ujanja. Nikamfinya kidole cha mguu. Akaruka.

“Yaya, kwa nini unanifinya?”

“Nilitaka kujua kama ungali hapa.”

Tulikwenda Alhamisi tatu. Mara ya tatu aliweza kuinua mkono hadi kifuani, na jioni ile alifanya mazoezi ya hospitali bila kulia. Badala ya kufurahi, nilianza kufikiri: kama kugusa kidogo kunasaidia hivi, kukanda kwelikweli kutamaliza kazi. Pasaka ilikuwa karibu. Nikachemsha maji, nikapasha mawese, nikamkalisha kwenye mkeka. Aliuma kitambaa ili majirani wasisikie. Mimi nikaendelea, nikijisifu moyoni kwamba mikono yangu haidanganyi mtu.

Asubuhi bega lilikuwa limevimba. Hospitali walisema mfupa ni mzima, lakini nyama zimeumizwa, apumzike. Mkono ulirudi tumboni.

Alhamisi iliyofuata yule mama aliweka kiganja, akakiondoa. “Huu mukono unanikimbia. Nani alipita hapa?”

Mdogo wangu akaangalia ukuta. “Niliulalia vibaya, mama.”

Alikuwa ananifichia kosa langu. Nikajiona nimekaa tena karibu na ule mlango, nimefunga mdomo.

“Ni mimi,” nikasema. “Nilimukanda na nguvu. Niliona weye hufanye kitu.”

Nilingoja atufukuze. Akaita, “Kuja hapa. Leta mukono yako. Mimi siunge mifupa, na sitoe kitu ndani ya mutu. Mwili wake njo unafanya kazi. Mimi nausaidia usiogope.” Akaangalia alama ya kamba kwenye paji langu. “Weye unabebaka viazi?”

“Na kamba ya kichwa, toka Masereka.”

“Sasa beba huu. Usisukume, usivute.”

Aliweka kiganja changu chini ya mkono wa mdogo wangu, na chake chini ya changu. Mzigo wa kamba hupigani nao. Unainama kidogo, unauacha ukae mgongoni wenyewe. Nilifanya hivyo. Mwanzoni ule mkono ulikuwa mwepesi kama fimbo kavu, kwa sababu mwenyewe alikuwa bado anaushikilia. Muda ukapita. Kisha ukawa mzito, ukashuka wote kiganjani mwangu. Alikuwa ameniachia.

Tangu hapo niliubeba hivyo kila asubuhi, kisha yeye anafanya mazoezi yake. Juma la Pasaka aliingia kwa mwalimu wa kushona, akapitisha kitambaa chini ya sindano kwa mkono wa kuume, mstari mrefu usiopinda. Rafu ya nyuzi haifikii mpaka leo. Nafasi alipewa.

Ilikuwa ile mikono, au mazoezi, au siku zilizopita tu? Nimeuliza hospitali, wakasema labda vyote.

Tulirudi Mulekera kumpa yule mama habari. Alituona tangu barabarani, akasimama mlangoni, na kabla sijamsalimu akafungua kinywa.

Nikaangalia.