Siku Mstari Wetu Ulipovunjika

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na maneno nitakayokosea. Niliishia darasa la saba, na kalamu huniendea polepole. Watu wakiwa wengi sisemi kitu, lakini hili nimelibeba muda mrefu.

Kwetu ni upande wa Kanyangi. Mvua ilipokaribia, vijiji viwili vya mlima wetu vilishindana kuchimba mitaro ya fanya juu, ile ambayo udongo hutupwa upande wa juu ili maji yasiushushe. Kila kijiji kilitoa kikundi chake cha mwethya, watu wanaolimiana bila malipo, na kila nyumba ilileta majembe mawili. Kwetu yalikuwa la mama na langu. Baba alikuwa amefariki.

Watu walikuja wamevaa kama wanaenda kanisani, ila bila viatu. Mwimbaji alianzisha wimbo, majembe yakapanda na kushuka pamoja, na wazee waliokuwa waamuzi wakatembea nyuma na filimbi. Kwenda mbio peke yake hakukutosha. Mstari ukipinda, mmeshindwa, hata kama mmechimba mbele zaidi. Kwa hiyo mwimbaji alitakiwa kumwangalia mtu dhaifu kuliko wote na kuimba kwa pumzi ya huyo. Wa kwetu alikuwa susu mmoja, bibi mzee aliyechimba mwisho wa mstari na hakukubali kubaki nyumbani. Mwimbaji alikuwa mama.

Mwaka ule ulifuata ile njaa tuliyokula mahindi ya njano ya msaada, na kila mtu alikuwa mwembamba. Korongo lilikuwa limekula shamba letu hadi karibu na ghala. Mama alisema mvua moja kubwa ingemaliza udongo wote, na tusingekuwa na mahali pa kupanda. Kijiji kilichoshinda ndicho kilichochagua shamba la kwanza kuchimbwa na vikundi vyote viwili, na mwimbaji ndiye aliyelitaja. Tulijua mama angetaja letu. Alikuwa ameomba kanisani wiki nzima.

Asubuhi ile mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima. Wenzetu wa kijiji cha ng'ambo walituchokoza tangu mwanzo.

"Hiyo mnayochimba ni mitaro au makaburi ya panya?" mmoja wao akauliza.

"Ni yako, njoo tukupime," susu akamjibu, na watu wakacheka hata upande wao.

Tulianza vizuri. Kisha ngurumo ikasikika mbali, nikamwona mama akitazama juu. Wimbo ukaongeza mwendo. Nilifurahi, maana tulikuwa tunawapita. Mama akaimba mbio zaidi, macho yake kwenye mawingu, na sisi vijana tukamfuata. Sikugeuka kuangalia mwisho wa mstari. Hakuna aliyegeuka.

Filimbi ilipolia nilidhani tumeshinda. Susu alikuwa amepiga magoti nyuma yetu, ameshikilia mpini wa jembe, na mstari ulikuwa umepinda kama upinde. Mama alimkimbilia akamshika mkono.

"Mwanangu," susu akamwambia, "leo hukuniangalia."

Wazee wakawapa ng'ambo ushindi, na tukaenda sote kuchimba shamba la mwimbaji wao. Mama alichimba akifuata wimbo wa mwenzake. Mvua ilinyesha kabla hatujamaliza pale. Tulikimbia nyumbani, tukasimama mlangoni tukiona udongo wetu ukiteremka, mwekundu, na nguzo za ghala zikifuata.

Siku hizi tunaishi kwa mjomba, Mbumbuni. Mama analima mashamba ya watu. Kwa desturi yetu, mwimbaji aliyevunja mstari hapewi wimbo tena, na akiona aibu kurudi kwenye mwethya, hakuna wa kumchimbia. Susu alituma watu mara nyingi kumwita arudi. Mama hataki. Korongo lile sasa limepita mahali nyumba ilipokuwa, na mvua nyingine inakuja.

Ninyi mnaosoma, kama kwenu kuna mwethya uliowahi kumrudisha mwimbaji kama huyu, niandikieni mnieleze alipokelewa vipi. Nitamsomea mama. Nitachelewa kuwajibu kwa sababu ya mkono wangu, lakini nitajibu.