Tangazo la Minazi Lililonywewa Kama Kombe

Kila asubuhi, kabla hajavua buibui, dada yangu Somoe alifuta herufi za taipureta kwa kipande cha kanga chenye mafuta ya taa. Mwaka 1974, pale ofisi ya ushirika Kilindoni, yeye peke yake ndiye aliyeijua mashine ile.

Matangazo yalibandikwa ubaoni yakaliwa na mchwa bila kusomwa. Basi Somoe akakata maumbo kwenye maboksi ya chai: moja samaki, moja nazi, moja duara. Alilaza umbo juu ya karatasi, akatia alama za penseli mstari uanzie wapi na uishie wapi, kisha akachapa tangazo lilelile, neno kwa neno. Tangazo la mnada wa samaki likatoka samaki changu mzima, na mkia wake. Watu wakaanza kusimama ubaoni. Hata Katibu, Bwana Mbaraka, alimwomba mwaliko wa harusi ya mwanawe uchapwe umbo la birika.

Tangazo la kupalilia minazi alilichapa duara. Bi Kijakazi wa Ndagoni, asiyejua herufi za Kizungu, akaona maandishi yamejaa mviringo kama yale ya kombe, wanayoandika masheikh kwenye sahani, yakaoshwa, mgonjwa akanywa. Mjukuu wake alikuwa na homa. Akalibandua, akaliloweka kwa marashi, akamnywesha. Mtoto alitapika, kisha akapona.

Katibu akaitisha mkutano. "Ndugu Somoe amefanya uganga kwa karatasi ya ushirika. Asimame aombe radhi."

"Kosa langu mie, mwanangu," akasema Bi Kijakazi. "Macho yangu haya."

"Mtoto si kapona?" akadakia Mzee Mtoro. "Atuchapie na la magoti."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Binti akishaitwa mganga hapa kwetu haposwi, na akikiri mbele ya watu ndiyo basi. Katibu alilijua hilo vizuri.

"Na birika la harusi ya mwanao, Ndugu Katibu, lilikuwa uganga?" akauliza Somoe.

"Ule ulikuwa mchezo."

"Na hii ilikuwa kazi. Maneno ni yako yote. Lisome, uniambie nimeongeza lipi."

Nakala ya tangazo ilikuwa mezani mbele ya Katibu. Hakuigusa. Mtu mzima, kasoma, anashindwa kusoma tangazo lake mwenyewe.

"Omba radhi, au weka funguo za ofisi."

Somoe akaweka funguo juu ya ile nakala, akajitanda buibui, akapita katikati yetu akatoka. Ushirika ulimtumia mjumbe mara mbili arudi kwenye mashine. Hakurudi.