Kivuko cha Mlangoni

Hapana, hakutumbukia. Najua utaniuliza hilo, wote wanaanzia hapo. Mtaani wanasema mke mwenzangu alitumbukia mtaroni ndiyo maana hatoki nje. Waongo. Mtaro haujamgusa hata kidole. Angetumbukia ningekuwa na cha kuigiza, ningewachekesha mpaka sokoni. Hakutumbukia. Yeye alikaa upande wa ndani, mtaro ukakaa upande wa nje, wakatazamana.

Mke mwenzangu ndiye mkubwa, mimi namwita Dada. Mzee alimtoa Kalemela, huko nyanza, kwa watu wa samaki. Mimi alinitoa Mwanhuzi, kwenye jua na ng'ombe, nikaja hapa sijui hata dagaa wanapikwaje. Halafu mzee akafa, tukabaki sisi wawili kwenye nyumba moja, na ukiangalia vizuri, ndoa yetu sisi kwa sisi imeishi kuliko ile ya mzee. Watoto wako mbali, wanapiga simu.

Dada miguu ilimwisha. Haikuvunjika, ilimwisha tu, kama sabuni inavyoisha. Na ana mwili, siyo kama mimi kijiti. Lakini alikuwa anatoka. Bajaji ilikuwa inaingia mpaka mlangoni, anajivuta kutoka kwenye kigoda, anapanda mwenyewe, anaweka kitenge vizuri, anasema, "Twende." Anakwenda kanisani, anakwenda zahanati, na kila mwaka tukishauza pamba anakwenda Kalemela kwa kaka yake. Kwao walikuwa wengi, wakabaki yeye na huyo kaka tu, na kaka mwenyewe mtu wa kukohoa. Kila akirudi ananiambia, "Nimemkuta. Mwakani sijui."

Sasa mtaro. Mji wetu huu ni mdogo, ukitoka Bariadi kwenda ziwani unaweza ukaupita umesinzia. Lakini tuna halmashauri, na halmashauri ikipata hela inachimba. Mwenyekiti wa mtaa akatuita mkutano. Yule akisimama mbele ya watu anatoa tumbo kwanza, halafu sauti inafuata: "Wananchi! Mtalo huu ni maendeleo! Maji hayataingia tena majumbani! Nani hataki maendeleo, anyooshe mkono!" Nani atanyoosha? Na kweli maji yalikuwa yanatuingilia, kuku wanapanda juu ya kitanda. Tukapiga makofi. Dada naye alipiga, amekaa ndani ya bajaji, yuko mbele kabisa.

Wakachimba. Mtambo ulipita mbele ya nyumba yetu, ukachimba kwenda chini mpaka ukisimama humo unaonekana kichwa tu. Wakajenga kwa mawe, kazi nzuri, sisemi vibaya. Kanisani wakaweka zege la kupitia juu. Zahanati wakaweka. Pale kwenye baa wakaweka mawili, moja la kuingilia na lingine, nadhani, la kutokea ukiwa huoni la kwanza. Kwetu wakakusanya masepetu wakaondoka.

Nikamfuata mhandisi. Kijana wa pwani, ana adabu, anaongea kama amebeba yai mdomoni. "Shikamoo bibi yangu. Bibi yangu, usiwe na hofu, vivuko vya makazi vipo katika awamu ya pili."

Nikamwambia, "Marahaba, baba. Mimi mwenyewe nilikuwa awamu ya pili ya mzee. Najua awamu ya pili inavyochelewa kuletewa vitu."

Akacheka mpaka kofia ikadondoka. Lakini zege hakuleta.

Mimi ubao ulinitosha. Nilikuwa napita juu yake na beseni langu la michembe kichwani, viazi vitamu vya kukausha, naenda kuuza, narudi. Dada je? Ubao ungelia. Na bajaji haivuki. Dereva wake wa siku zote, kijana anajifanya wa Dar wakati mama yake namjua anachunga mbuzi Mwamanyili, alisimama ng'ambo akakuna kichwa. "Bi mkubwa, hapa chombo haikatizi. Nitaua shokapu, nitakuua na wewe."

Vijana wa jirani wakasema watambeba na kiti. Siku ya kwanza wakambeba, wanne, wakafika kwenye ubao, mmoja akateleza kidogo, kiti kikainama. Dada alipiga ukelele mmoja tu. Wakamrudisha. Wakasema basi walete machela, wamlaze, wamfunge kamba asidondoke. Dada akawaambia, "Machela nitapanda siku ambayo sitajua nimepanda. Leo nina macho." Ndiyo ikawa mwisho wa kubebwa. Ukimjua Dada, neno lake halina awamu ya pili.

Tukajaza mifuko ya mchanga mtaroni ili bajaji ipite juu. Mvua ndogo tu ikanyesha, maji yakakosa njia, yakaingia kwa jirani wa juu. Alikuja na sufuria imejaa tope, analia, "Mayu, mama yangu, mmeniogesha na wanangu!" Mgambo wa halmashauri wakaja wakatoa mifuko. Walikuwa na haki. Hiyo ndiyo inayochosha, ujue. Kila anayekuja ana haki.

Basi tukaomba rasmi. Mwenyekiti akaja na karani wake wakakaa kwenye mkeka, karani anaandika, Dada anasema. "Andika tunaomba kivuko." Akaandika. "Andika maji ni mengi, mtu mzima hawezi kuvuka kwa miguu." Akaandika. "Andika mimi nakwenda Kalemela kwa kaka yangu mgonjwa." Mwenyekiti akasema, "Mayu, Kalemela ya nini? Inatosha." Dada akasema, "Andika. Wajue siombi ili nikatembee tu." Karani akaandika Kalemela.

Tukakaa. Pamba ikaota, ikapaliliwa. Kila nikienda kuuliza, wananiambia ombi liko kwenye mchakato. Nikirudi Dada ananiuliza, "Limefika wapi?" Namwambia, "Limefika Mchakato." Ananiuliza, "Huko Mchakato ni mbali kupita Bariadi?" Namwambia, "Sijafika, lakini wanaokwenda hawarudi." Anacheka mpaka kigoda kinalia. Kazi yangu ikawa hiyo. Mchana nauza michembe, jioni nakaa namwigizia. Namfanyia mhandisi na yai lake mdomoni. Namfanyia mwenyekiti na tumbo lake, najaza kanga ndani ya gauni. Namfanyia diwani, ambaye sauti ilimkauka kwenye kampeni na haijarudi, anaongea kama mlango wa bati: "Mama zanguuu, nimelichukuaaa." Dada anafuta machozi.

Kaka yake naye anapiga simu. Anamuuliza, "Unakuja lini?" Dada anamjibu, "Nangoja kivuko." Kaka anacheka, halafu kikohozi kinamshika, tunangoja kipite. "Kivuko? Kwani umehamia Ukerewe?"

Tulicheka wote watatu. Kumbe yule mgonjwa ndiye peke yake aliyeona.

Siku moja gari likasimama ng'ambo ya mtaro. Akashuka baba mmoja, mgeni, shati limenyooka, anaangalia huku, anaangalia huku. Mwenyekiti yuko nyuma yake anatoa jasho. Nikatoka na kata yangu ya kuchotea maji mkononi.

"Mwadila, mayu," akanisalimia. Msukuma mwenzetu.

"Mwadila, baba. Mhola?"

"Mhola. Mayu, mimi ni wa mambo ya vivuko. Nilikuwa na kazi ziwani, wakaniambia nipite huku, kuna wananchi wameomba. Maji yenyewe yako wapi?"

Nikamwonyesha mtaroni. Kulikuwa na maji kidogo, na bata wa jirani anaogelea.

Akaangalia yule bata. "Mayu, mimi ni wa vivuko vya ziwani. Meli. Pantoni. Ya kubeba magari na ng'ombe." Akamgeukia mwenyekiti. "Ombi linasema kivuko, maji mengi, abiria anakwenda Kalemela. Mimi natafuta gati!"

Mwenyekiti akasema kwa sauti ndogo, ya kwanza kuisikia kwake, "Tulimaanisha kivuko cha mtalo."

Ikabidi nikae chini. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na yule baba akacheka, na dereva wake akacheka. Nikamwambia, "Sasa baba, umeshafika. Hata ndogo huna?" Akasema, "Mayu, hata nikikupa ndogo, huyu bata atakuwa nahodha." Kutoka ndani nikamsikia Dada anaita, "Nani huyo? Wamekileta?"

Hapo cheko likaniisha.

Yule baba alisikia. Akavuka kwenye ubao wetu na viatu vyake vizuri, akaingia, akamsalimia Dada kwa kupiga goti kama mtoto wetu. Akamweleza taratibu. Kwamba ombi lilipanda huko juu, mtu akasoma kivuko na Kalemela, akalipeleka kwa watu wa ziwani. Kwamba sasa litarudi, lianze njia yake upya. Dada akasikiliza. Akamshukuru, "Wabeja, baba. Umekuja mwenyewe." Akamuuliza, "Wewe unarudi ziwani?" Akasema ndiyo. Dada akasema, "Kaka yangu anakaa karibu na mwalo, pale wanaposhushia samaki. Ukipita msalimie." Yule baba akasema atapita. Na alipita, kaka alipiga simu kutuambia.

Jioni ile Dada aliniambia nimwigizie mtu wa pantoni. Nikamwigizia na bata pia. Alicheka, lakini cheko la kunisaidia.

Ombi likaanza upya. Kuamka, ubao, beseni, ofisi. "Bibi njoo wiki ijayo." Wiki ijayo mhusika yuko semina. Benchi la pale nje kwao nalijua mpaka misumari yake. Siku nyingine nilikuwa nakaa tu, nimesahau hata nilichokuja kuuliza, karani ananikumbusha: "Bibi, kile kivuko." Ndiyo, kile kivuko.

Masika ikaingia. Na hapo ndipo simu ilipokuja asubuhi, siyo ya kaka, ya mtoto wake. Dada aliipokea. Alisema, "Mnazika lini?" Wakamwambia kesho, mvua inawahimiza. Akaniambia, "Nivalishe."

Nikamvalisha. Nikamtoa na kigoda, nikawa namsukuma kidogo kidogo mpaka ukingoni. Mvua inanyesha, mtaro umejaa juu hadi mdomoni, maji mekundu, yanakimbia na mabua na ndala za watu. Ubao ulishakwenda. Bajaji ilikuwa ng'ambo, kijana wetu ameshaiwasha. Vijana wa jirani wakaja, na safari hii Dada akasema, "Nibebeni. Hata machela." Unasikia? Yeye mwenyewe alisema. Wakaingia wawili kupima. Maji yakamchukua mmoja, tukamnasa kwa kamba kule mbele ya baa. Basi. Nani angewaambia wengine waingie?

Kijana wa bajaji alizima injini. Alikaa tu humo anatuangalia kupitia mvua. Mimi nilishika mwavuli. Dada alikaa pale ukingoni mpaka kitenge kikalowa chote, mtaro unafanya kazi yake vizuri kabisa. Hakuna tone lililoingia ndani ya nyumba.

Kesho yake wakazika. Tulisikiliza kwenye simu, mtoto mmoja aliishikilia juu. Tulisikia upepo na sepetu.

Mvua ilipokatika, wakaja. Sikuwaita. Nilikuwa nimeacha kwenda kwenye benchi. Nikasikia trekta, nikachungulia, naona mhandisi, naona nondo, saruji, kokoto. Wakafunga mbao, wakamwaga zege, wakasema lisikanyagwe mpaka likauke. Kazi nzuri, pana, hata lori lingepita. Baada ya hapo ikawekwa tarehe ya kulizindua, maana siku hizi hata zege la mlangoni linazinduliwa. Mwenyekiti akafunga utepe. Watoto wa shule wakaimba. Majirani wakanijia, "Mayu, leo tumpe Dada furaha, amengoja sana." Nami, nisikudanganye, niliona labda. Nilikuwa tayari kichwani na sauti ya diwani, jioni nimfanyie.

Diwani akashika maiki. "Mama zanguuu! Mlilia, nikasikiaaa!" Vigelegele. Bajaji ikaingia, mara ya kwanza tangu mtambo ule upite, ikavuka taratibu mpaka mlangoni, ina maua ya karatasi kwenye vioo. Kijana wetu akashuka, akafungua pembeni, akasafisha kiti kwa mkono wake wa shati. Hakumwangalia Dada usoni.

"Tunamuomba mama yetu mkubwa," diwani akasema, "aliyetuandikia ombi hili, awe wa kwanza kuvukaaa!"

Wakapiga makofi, wakangoja. Mhandisi akamwinamia, "Karibu, bibi yangu. Kivuko chako."

Dada alikuwa kwenye kigoda chake, mlangoni. Akaliangalia zege. Akaangalia kiti cha bajaji. Diwani, kwa uzuri tu, akamsogezea maiki mdomoni ashukuru, na spika zikambeba mpaka sokoni:

"Wa ng'ambo ameshakufa. Kirudisheni."